Nambari Chini ya Kiti cha Nyuma

Mwalimu wa kisa hiki simpi jina. Ni wa kisa tu, lakini yaliyomfika ni yale ambayo chuma, mvua na sheria za Kenya huwatenda watu kweli. Alikuwa mwalimu mkuu, mkaazi wa Kakamega, akastaafu alipotimiza miaka 60, kisha akangoja kiinua mgongo chake miezi mingi kama wanavyongoja wastaafu wengi wa nchi hii. Pesa zilipoingia benki alikuwa ameshazigawa kichwani. Fungu la kwanza lilimaliza paa la nyumba ya Shinyalu, la pili likanunua ng'ombe wawili wa maziwa. Lililobaki lilikuwa la gari.

Gari lenyewe alikuwa nalo uani, chini ya mwembe: Volkswagen Beetle ya mwaka 1965, injini 1200, aliyoinunua kwa mkono wa pili alipokuwa kijana. Watu wa rika lake hawahitaji kuelezwa sifa za Beetle. Ilishinda Safari Rally mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962, na kabla barabara za Magharibi hazijawekwa lami ndiyo iliyokuwa ikimfikisha mkaguzi wa shule kule ambako magari makubwa yalikwama. Lakini Mwalimu hakutaka kuendelea kuwa na Beetle. Tangu ujana alikuwa amehifadhi ukurasa wa jarida wenye picha ya Porsche 356 Speedster: gari dogo la viti viwili, halina paa la chuma, kioo cha mbele kifupi, mgongo wa mviringo. Hilo ndilo alilotaka kuliendesha uzeeni.

Ndoto hiyo haikuwa ya kipumbavu, na nataka jambo hilo lieleweke mapema. Porsche 356 ya kwanza iliundwa mwaka 1948 katika mji wa Gmünd, Austria, na sehemu zake nyingi zilitoka kwenye Volkswagen. Speedster ilitoka mwaka 1954, na utengenezaji wa 356 ukakoma 1965. Zile halisi zilizosalia zinauzwa leo kwa bei ya nyumba ya maana Nairobi. Ndiyo sababu mafundi wa Marekani, Brazil na Afrika Kusini wamekuwa wakiunda nakala: huchukua sakafu, injini na magurudumu ya Beetle, kisha wakafunika vyote kwa bodi ya faiba. Kwa kuwa gari la asili nalo lilizaliwa kutokana na Volkswagen, nakala ya namna hii si mgeni kabisa katika ukoo. Mwalimu aliagiza bodi kutoka Afrika Kusini, ikaja kwa meli hadi Mombasa, akalipa ushuru na VAT, akakodi lori. Ilipofika Kakamega watoto wa mtaa waliizunguka siku nzima.

Hadi hapo hakuna kosa. Kosa lilikuja siku ya tatu, asubuhi, kwenye karakana ya jua kali, na lilichukua muda usiozidi wa kunywa chai.

Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la Beetle ni mita 2.4. Wa Porsche 356 ni mita 2.1. Anayetaka nakala yenye umbo sahihi hana budi kukata sakafu na kuondoa kipande cha sentimita 30, halafu kuunganisha upya. Sakafu hiyo si bati tupu. Katikati yake limepita bomba kubwa la chuma, mfano wa uti wa mgongo, na hilo ndilo linalobeba gari zima. Na juu ya bomba hilo, sehemu ya nyuma, mahali panapofunikwa na kiti cha abiria wa nyuma, kiwanda kiligonga nambari ya chesisi.

Fundi hakuwa mtu mbaya wala mzembe. Alikuwa ameshachomea mageti, matrela ya miwa na bodi za matatu kwa miaka, na mshono wake ulikuwa mnene na umenyooka. "Mwalimu, hii ni kazi ya siku mbili," alisema. "Wewe ninunulie diski za grainda tu." Akapima, akapiga mstari kwa chaki, akawasha grainda. Mstari wake ulipita pale pale penye nambari, chini ya kutu na rangi nyeusi ya kuzuia maji, na hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kutafuta hapo. Jioni kipande kile cha sentimita 30 kiliuzwa kwa kilo pamoja na vyuma kuukuu vingine. Mwalimu alikuwepo. Alishika utepe wa kupimia.

Nchini Kenya gari linajulikana kwa nambari zake. Kitabu cha usajili kinaandika nambari ya chesisi, ya injini, aina ya bodi na rangi, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, inataka mwenye gari atoe taarifa akibadilisha chochote kati ya hivyo, gari likaguliwe, na kitabu kirekebishwe. Kubadilisha bodi kuna njia yake. Kubadilisha rangi kuna njia yake. Lakini gari lisilo na nambari ya chesisi haliangaliwi kama gari lililobadilishwa. Linaangaliwa kama gari lililoibwa, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unamwangukia aliye nalo. Kila nikisikia mtu anataka kuunda gari la nakala, swali langu la kwanza halihusu injini wala rangi. Nauliza kama ameiona nambari kwa macho yake, na kama mchoro wa kazi umepelekwa kwa wakaguzi kabla chuma hakijakatwa. Mwalimu alikuwa na mpango wa kushughulikia makaratasi "gari likishasimama". Huo ndio mpango unaowaponza wengi.

Basi gari likaanza kusimama. Ndani ya bomba lile la katikati hupita kebo ya klachi, kebo ya mafuta, kebo za breki ya mkono, fimbo ya gia na bomba la petroli, na vyote sasa vilikuwa vimezidi sentimita 30. Fimbo ya gia ilikatwa na kuchomewa. Kebo za breki ya mkono hazikutafutwa fupi. Zilikunjwa na kufungwa kwa kibanio. Umeme wa Beetle ya 1965 ni wa volti 6, na taa nzuri zote zilizopatikana madukani zilikuwa za volti 12, hivyo fundi wa umeme akabadilisha dainamo na betri, lakini nyaya kadhaa za zamani akaziacha mle mle. Taa za nyuma zilitoka kwa tuktuk. Pampu kuu ya breki ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, ikawekwa ya pikapu fulani iliyong'olewa karakana nyingine. Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa ya gari la tatu, na kifuniko chake hakikuwa na maandishi.

Haya yote yanaweza kufanyika vizuri. Gari la nakala haliepuki vitu vya kuokoteza, na fundi mwenye akili anajua kuvipatanisha. Tatizo ni kwamba mwenye Toyota akiharibikiwa huenda dukani akataja mwaka na modeli, muuza spea akamtolea kitu kinachofaa. Mwenye nakala akienda dukani atataja nini? Kiwanda kilichotengeneza gari lake ni yeye. Mali bila daftari huisha bila habari, na Mwalimu, mtu aliyeandika rejesta ya wanafunzi maisha yake yote bila kuruka siku, hakuandika hata mstari mmoja kuhusu gari lake. Alijua fundi anajua. Kisha fundi akapata kazi Juba, akaondoka na maarifa yote kichwani.

Nchi nzima iliwahi kupata funzo la aina hii. Nyayo Pioneer, gari lililobuniwa Chuo Kikuu cha Nairobi baada ya Rais Moi kutoa wito mwaka 1986, lilizinduliwa 1990, likatembea, watu wakalishangilia. Kuunda magari machache ya mfano kuliwezekana. Kiwanda, spea na pesa za kuyaendeleza ndivyo vilivyokosekana, na hayakuingia sokoni. Kwa upande mwingine, Volkswagen Polo Vivo zilizoanza kuunganishwa Thika Desemba 2016 zilifika nchini zikiwa vipande vipande vilevile, ila kila kipande kilikuwa na nambari, orodha na mtu wa kuulizwa.

Halafu kuna mvua. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na katika miezi ya masika kila mwenyeji anajua kwamba ikifika saa tisa alasiri mawingu yatatoka upande wa msitu, wakati mwingine na mawe. Speedster ilibuniwa kwa ajili ya jua la California. Paa lake ni la turubai, halina vioo vya pembeni vya kupandisha, na maji huingia kwa njia ambazo huwezi kuziziba zote. Watu husema faiba haipati kutu, na ni kweli. Chini ya faiba kuna sakafu ya bati, na maji yakishaingia kati ya zulia na bati hayaoni jua tena. Betri ya Beetle hukaa hapo hapo sakafuni, upande wa kulia nyuma, na mvuke wa asidi yake hula bati kuliko mvua yenyewe. Mwalimu aliinua zulia mwaka wa pili, akabonyeza kwa bisibisi chini ya betri, bisibisi ikatokea upande wa pili. Na mshono wa sentimita 30 ulikuwa karibu na hapo.

Aliziba kwa bati jipya na kuendelea. Nasema hivi bila kumlaumu, kwa sababu kufikia wakati huo gari lilikuwa limeshammeza. Pensheni ya kila mwezi ilikuwa inakatwa kipande kwa ajili ya kabureta, mwezi mwingine tairi, mwezi mwingine mpira wa milango. Ng'ombe mmoja aliuzwa. Mkewe hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu: "Baba, hili gari litakwisha lini?" Akajibiwa kwamba limebaki kidogo. Ukweli ni kwamba gari la namna hii haliishi. Oili ya Beetle, lita mbili na nusu tu, hubadilishwa kila kilomita 5,000 au chini ya hapo kwa sababu injini hiyo haina filta ya karatasi, ina kichujio cha waya pekee. Vali hurekebishwa wakati huo huo. Mipira ya petroli huoza kwa joto la injini, na injini ya Beetle huweza kushika moto kwa njia hiyo. Kasha lake ni la mchanganyiko wa magnesiamu, chuma ambacho kikishika moto maji huongeza ukali wake. Mwenye Beetle asiye na kizimamoto cha unga ndani ya gari anacheza na maisha yake. Hizi si gharama za kujenga. Ni gharama za kuwa nalo, na mstaafu anapaswa kuzihesabu kabla ya bei ya bodi, kwa sababu mshahara haupo tena wa kuzificha.

Safari iliyomaliza mambo ilikuwa ya kwenda Kisumu, harusini. Kutoka Kakamega ni kama kilomita 50, kupitia Chavakali, Mbale na Majengo, na karibu na mwisho barabara inateremka vilima vya Riat kuelekea Mamboleo, ziwa likiwa mbele yako. Mteremko ni mrefu, na malori hushuka kwa gia ndogo. Asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa amekuta mafuta ya breki yamepungua. Alikuwa na chupa ya mafuta mekundu ya usukani wa hydroliki kwenye ghala, na kifuniko kisicho na maandishi hakikumkataza. Akajaza.

Hapa nitaeleza taratibu, kwa sababu jambo hili linaua watu katika magari ya kawaida pia. Mipira iliyomo ndani ya pampu ya breki imetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki peke yake. Mafuta ya hydroliki hutokana na mafuta ghafi, na mpira ule ukikutana nayo huvimba, hulainika, na kushindwa kusukuma au kurudi. Zaidi ya hayo, mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na mwaka mmoja au miwili ya hewa ya Kakamega inatosha kuyashusha kiwango chake cha kuchemka. Breki za Beetle hiyo ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Mteremkoni ngoma hupata moto, maji yaliyomo kwenye mafuta hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Na Beetle ya 1965 ina mfumo mmoja tu wa breki: ukishindwa, yameshindwa magurudumu yote.

Katikati ya Riat pedali ilikwenda hadi sakafuni. Mwalimu aliipampu, haikurudi. Akavuta breki ya mkono; kile kibanio kikaachia. Aliingiza gia ya pili, injini ikapiga yowe, mwendo ukapungua kiasi, kisha akafanya jambo moja la busara katika siku nzima: akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo kabla mteremko haujawa mkali zaidi. Gari liligonga ukingo, likazunguka, likavunja kibanda cha muuza mboga ambaye kwa bahati alikuwa amevuka barabara. Mkewe alivunjika mkono. Bodi ya faiba ilipasuka mbele kutoka taa hadi taa.

Polisi walikuja wakaomba kitabu. Kitabu kilisema gari la abiria lenye paa la chuma, rangi ya maziwa. Mbele yao palikuwa na gari jekundu lisilo na paa. Wakaomba kuona nambari ya chesisi. Mwalimu akainua zulia mwenyewe, na chini ya zulia palikuwa na mshono. Gari lilikokotwa hadi kituoni, likawekwa uani na mengine yanayosubiri uchunguzi, likinyeshewa. Kampuni ya bima ilijibu kwa barua ya aya mbili: gari lililokatiwa bima si gari lililokuwa barabarani. Hata kama ingekubali, bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inahusu kifo na majeraha ya watu wengine. Haihusu kibanda, nyanya wala sukuma wiki. Ng'ombe wa pili alilipa kibanda.

Wasomaji wengi watasema funzo ni kwamba mzee akae na shamba lake. Sikubaliani kabisa. Mtu aliyefundisha watoto wa wenzake miaka 35 ana haki ya kitu kimoja cha moyo wake, na wapo watu Kenya wanaotunza magari ya zamani kwa ustadi wa kusifiwa. Wanaotaka kuona waende Africa Concours d'Elegance, mashindano yanayofanyika Nairobi tangu mwaka 1970, waangalie gari la miaka 60 lililofunguliwa boneti na mwenyewe akaeleza kila kilichomo. Kuunda kitu kwa mikono baada ya kustaafu ni afya. Kinacholeta maafa ni kuingia kazi hiyo bila nidhamu ile ile iliyomfanya mtu afanikiwe kazini. Mwalimu asingemkubali mwanafunzi asiye na cheti cha kuzaliwa, wala asingeajiri mwalimu kwa kuambiwa tu kwamba yuko sawa.

Angekuwa amefanya nini? Angeliacha Beetle na urefu wake wa kiwandani. Zipo bodi za faiba zinazokaa juu ya sakafu isiyokatwa, hazina umbo sahihi sana, lakini uti wa mgongo unabaki mzima pamoja na nambari yake. Angetenga pesa za gari katika akaunti yake peke yake, na zikiisha kazi isimame hadi zipatikane nyingine, ng'ombe wakiwa zizini. Angemtafuta mwalimu wa magari kutoka chuo cha ufundi, Sigalagala haiko mbali, aje akague mshono na breki, amlipe kwa kazi hiyo. Pampu ya breki angeinunua mpya, kwa kuwa Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa duniani hadi 2003 na spea zake bado zinafanyizwa. Na angeandika daftari: pampu hii ya gari gani, mpira huu wa saizi gani, mafuta haya ya aina gani, tarehe gani.

Kwa hiyo, mstaafu mwenzangu msomaji, kama una Beetle uani na bodi ya faiba njiani, usimwite fundi bado. Ng'oa kiti cha nyuma leo, kwangua kutu kwa brashi ya waya juu ya lile bomba la katikati hadi tarakimu zisomeke, zipige picha pamoja na ukurasa wa kitabu cha usajili, upeleke vyote kwa wakaguzi na uwaulize kwa maandishi unachoruhusiwa kukata. Jibu likiwa hapana, uza bodi.